Bahati na Mwenye Meza

Mkulima wa mikorosho ni mtu aliyezoea kutojua. Apuliziapo salfa mwezi wa Juni, ubwiriunga waweza kuja au usije. Mvua isiyo ya wakati wake yaweza kuyaharibu maua. Na hata korosho zikisha kujaa magunia na kufika ghalani, bei yake haijulikani mpaka siku ya mnada. Katika Nachingwea na Ruangwa maisha ya nyumba nyingi yametundikwa juu ya mambo hayo. Kwa hiyo kijana wa huko akimwambia mzee wake kwamba kilimo nacho ni kamari, mzee hapati jibu kwa haraka. Mimi niliambiwa hivyo na mpwa wangu, na maneno haya ni jibu nililochelewa kulitoa.

Alikuja kwangu jioni moja baada ya msimu. Aliniamkia, akakaa, akaniomba nimfundishe kucheza kwa akili. Alikuwa amesikia ya kuwa katika meza za kasino za miji mikubwa, na katika simu ziigazo meza hizo, washindwao ni wale wasiojua hesabu. Miongoni mwetu Wamwera mpwa ana haki juu ya mjomba wake, na mimi nimefundisha hesabu miaka mingi. Mwalimu aombwaye somo ana udhaifu wake: hufurahi. Nikatafuta karatasi.

Nilianza na gurudumu la ruleti. Lina vitundu 37, tangu sifuri mpaka 36. Mwenye kuweka shilingi 1,000 juu ya namba moja akaipata, hulipwa 35,000 na kurudishiwa 1,000 yake. Tuseme gurudumu limezunguka mara 37 na kila namba imetokea mara moja: mchezaji ametoa 37,000 naye amepokea 36,000. Elfu moja iliyopungua ndiyo riziki ya mwenye meza. Hakuiiba, wala hakulipinda gurudumu. Sharti lake liko mezani na kila mwenye macho hulisoma. Yako magurudumu mengine yenye sifuri mbili na vitundu 38, na katika hayo sehemu ya mwenye meza hukaribia kuwa maradufu.

Mpwa wangu akatabasamu, akasema kwamba dawa yake anaijua. Huwekwa dau juu ya rangi nyekundu. Ukishindwa, waweka maradufu. Ukishindwa tena, maradufu tena. Siku utakayopata, hasara yote hurudi na faida ya elfu moja juu yake. Hila hii ni kongwe, na kila kijana aigunduaye hudhani ni wa kwanza. Tukaipiga hesabu. Anayeanza na 1,000 akishindwa mara saba mfululizo atakuwa ametoa 127,000, fedha ya kilo 38 na zaidi za korosho hata kwa shilingi 3,300, bei iliyotangazwa na serikali mwaka 2018. Kushindwa mara saba mfululizo hutukia karibu mara moja katika kila majaribio 106. Basi majaribio 105 yatamletea 105,000, na moja litamwondolea 127,000. Pengo ni 22,000. Hila ile haikuiondoa hasara. Imeikusanya mahali pamoja na kuificha.

Akaniuliza, “Mjomba, hilo moja huja lini?” Sikuwa na jibu, kwa maana gurudumu halina kumbukumbu. Nyeusi ikitoka mara sita, ya saba haidaiwi na mtu.

Kisha tukaitazama mikeka ya mpira, kwani huko kwetu kijana hucheza mkeka kabla hajaiona meza ya ruleti, na tangu Namungo ya Ruangwa ipande Ligi Kuu mwaka 2019 hata timu ya nyumbani imo katika mikeka hiyo. Nilichukua mfano mwepesi. Mechi moja yenye nafasi sawa ya kupata na kukosa ilistahili kulipa mara mbili ya dau, lakini mwenye duka hulipa, tuseme, mara 1.9. Amebakiza shilingi tano katika kila mia, si nyingi. Lakini mchezaji hapendi mechi moja. Huzifunga kumi pamoja. Nafasi ya kuzipata zote ni moja katika 1,024, na malipo ni kama mara 613 tu ya dau. Zile tano katika mia zimekuwa arobaini. Kijana huona ukubwa wa malipo, haoni ukubwa wa makato, nao hukua pamoja.

Sitaki kumdhulumu msomaji kwa kumwambia kwamba michezo yote ni sawa. Katika karata za ishirini na moja uamuzi wa mchezaji una uzito, na mtu aliyejifunza vema, katika meza yenye kanuni nafuu, huweza kuipunguza sehemu ya mwenye meza mpaka iwe chini ya moja katika mia. Ujuzi huo ni wa kweli. Walakini tazama anachokinunua: anajifunza kupoteza polepole. Na apoteaye polepole huketi muda mrefu zaidi, hata mwisho wa usiku akaamka na hasara ile ile ya mjinga aliyekwenda zake mapema.

Sasa nilirudie neno la mpwa wangu. Je, kilimo nacho ni kamari? Nadhani tofauti haiko katika kutojua, maana pande zote mbili hatujui. Iko katika jambo hili, kwamba bahati ya shamba haina mwenyewe, na bahati ya meza ina mwenyewe. Mvua haipati faida nikikosa mavuno. Ubwiriunga hauketi mahali ukiniwekea kiwango. Tena elimu ya shambani huibadili bahati yenyewe: apuliziaye kwa wakati hupata zaidi ya asiyepulizia, na apogoaye matawi hupata zaidi ya mvivu. Elimu ya ruleti haibadili kitu ila mawazo ya mchezaji. Na shamba likizaa, hakuna jirani aliyepungukiwa kwa sababu hiyo. Meza haizai, hugawa tu fedha zilizokwisha kuletwa na waliokaa kuizunguka, baada ya mwenyewe kukata fungu lake.

Najua jibu hili lina tundu. Bei ya mnada si mvua. Ina watu nyuma yake, na mwaka 2018 wakulima wa kusini waliikataa bei kwa sababu waliona mkono wa watu ndani ya bahati yao. Mnada kwa upande mmoja wafanana na shamba, na kwa upande mwingine wafanana na meza, nami siwezi kuupatia mahali pake hasa. Lakini mkulima aliweza kuikataa bei ile. Dau likisha kuwekwa mezani, hakuna kukataa.

Wala elimu kubwa si kinga. Nachingwea yenyewe ni ushahidi. Baada ya vita vya 1939 hadi 1945 Uingereza ilipungukiwa mafuta ya kula, na mwaka 1947 ikaanza mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ilitarajiwa kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu. Bandari ilijengwa Mtwara na reli ikaletwa mpaka Nachingwea. Waliouongoza walikuwa watu wa vyuo na vitabu, nao waliamua kwa haraka kabla ya kuijua vema mvua na udongo wa Kongwa. Hasara ilipoanza kuonekana waliongeza mitambo na fedha, mpaka Januari 1951 serikali yao ikakubali kwamba pauni kama milioni 36 zimepotea. Hata reli ile iling'olewa baadaye. Mtu aweza kuuita mradi ule kamari, nami naona walichokosea kwanza ni kutopima kitu kilichoweza kupimwa. Lakini mwendo wao baada ya hasara ni mwendo wa mpwa wangu na rangi nyekundu: kilichopotea huonekana kama kwamba kinamngoja mwenyewe hatua moja mbele, na kuondoka ni kukiacha.

Hapo ndipo nililielewa swali lenyewe, kwa kuchelewa. Nilikuwa nikiuliza kama ni halali mtu kucheza akiwa anazijua hesabu, na moyoni nilikwisha kuamua kwamba mtu mzima aliyetimiza umri wa sheria, mwenye kuweka fedha yake mwenyewe na kuikubali hasara yake kama aikubalivyo nauli ya safari ya starehe, hamkosei mtu. Bado nashika hivyo. Lakini neno “yake” ni zito. Fedha ya korosho katika nyumba yetu ina salfa ndani yake, ina ada za watoto, ina deni la duka, ina bibi mgonjwa. Ni ya nani?

Siku ya tatu dada yangu alifika kwangu asubuhi. Nusu ya fedha ya korosho zake ilikuwa katika simu ya mwanawe, naye alikuwa ameicheza yote kabla ya jioni ile aliyokuja kwangu. Hakuja kujifunza kucheza. Alikuja kutafuta njia ya kurudi. Nami kwa saa mbili nilimwandikia vitundu na sehemu, nikiusifu wepesi wake wa kuelewa, nisimwulize hata mara moja kwa nini ataka kujua, wala kwa nini mkono wake ulitetemeka nilipoandika ile 127,000. Hesabu zangu zote zilikuwa sahihi. Mama yake alinionyesha karatasi yangu. Upande wa nyuma kijana alikuwa ameanza kupiga maradufu tangu 500.

Salfa ya mwaka ule tuliinunua kwa mkopo. Yeye alibeba mashine mgongoni, mimi nilimfuata na mfuko, tukaenda mkorosho hadi mkorosho kabla umande haujakauka.