Mikono Minne, Jina Moja

Ubishi ulianza kabla jenereta halijazimwa. Tulikuwa tumetazama filamu ya Zachary Heinzerling, Cutie and the Boxer, ya mwaka 2013, katika ukumbi mmoja hapa Kasongo, shuka nyeupe ikiwa imetandazwa ukutani. Mzee mmoja aliyesoma sana, mtu ninayemheshimu, akasimama na kusema kwamba filamu ile imemdhulumu bwana. "Msanii pale ni mmoja. Bibi yake ni msaidizi, na alikubali mwenyewe." Watu wakapiga makofi. Naandika kwa sababu ya makofi yale.

Ambao hawakuiona, habari yenyewe ndiyo hii. Ushio Shinohara, mzaliwa wa Tokyo mwaka 1932, alihamia New York mwaka 1969. Anachora kwa ndondi: glavu zimefungwa sponji, anazichovya kwenye rangi, anaishambulia turubai kwa ngumi kutoka upande mmoja hadi wa pili, na kwa muda mfupi picha imekwisha. Hutengeneza pia pikipiki kubwa kwa karatasi ngumu za maboksi. Noriko alifika New York mwaka 1972, ana miaka 19, amekuja kusomea sanaa. Akakutana na mtu huyu aliyemzidi miaka 21. Akabeba mimba, akazaa mtoto wa kiume, na sanaa yake ikakaa chini miaka mingi huku akipika, akishika mkono wa mwenzake kazini, akihangaika na kodi ya nyumba na pombe ya mumewe. Filamu inawakuta bwana ametimiza miaka 80, na mama ndiyo kwanza anachora maisha yake mwenyewe: Cutie, binti mwenye mikia miwili ya nywele, na Bullie, mwanamume anayemtesa na ambaye Cutie hawezi kuachana naye. Filamu ilipata tuzo ya uongozaji huko Sundance, na mwaka 2014 ikawa kati ya zilizoshindania Oscar.

Sanaa ni nini, msanii ni nani, ndoa ni nini, hayo wengine wameyaeleza vya kutosha, nami nayapokea kama yalivyo. Swali langu liko pengine: watu wawili wakiishi pamoja maisha mazima na kazi ikazaliwa humo, kazi hiyo ni ya nani?

Kuna waliosema ukumbini kwamba vipaji havilingani, na kwamba picha za bwana ndizo zilizowalisha wote. Ni kweli kiasi, wala sina ugomvi nao. Mwingine alisema mchango wa jikoni haupimiki kwenye turubai. Hilo pia ni zito. Lakini lile la "alikubali mwenyewe" siwezi kuliacha lipite, kwa sababu nalisikia kila mahali: kwenye vikao vya familia, kwenye mirathi, hata kwenye mahubiri.

Alikubali nini? Binti wa miaka 19 anakubali kile anachokiona mbele yake. Noriko alimwona mtu mwenye nguvu na jina, akampenda. Miaka iliyofuata hakuiona, kwa kuwa ilikuwa haijafika. Ikaja mmojammoja, na kila mmoja ulikuja na sababu yake nzuri: mtoto bado mdogo, kuna onyesho, bwana anaumwa. Hakuna siku aliyoulizwa kama anakubali yote kwa pamoja. Anayesema alikubali anazikusanya siku elfu ndogondogo kuwa neno moja kubwa ambalo mama yule hajalitamka.

Haya, tuseme alikubali. Kukubali kunaonyesha kwamba hakulazimishwa. Hakuonyeshi nani alifanya kazi. Fundi akikubali kunijengea nyumba bure, nitasema nyumba ilijijenga? Tena wanaosema "alikubali" ndio haohao wanaosema "hakufanya kitu". Wachague moja. Kama alitoa kwa hiari, basi alikuwa na kitu cha kutoa, na aliyepokea ana deni la kukitaja. Kama hakuwa na kitu, basi wasituambie habari za hiari yake. Huwezi kuchukua zawadi ya mtu kisha ukamwita maskini kwa vile hana ulichomchukulia.

Na hapa kwetu Kongo neno hilo lina uchungu zaidi. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, kifungu cha 448, ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kwa kila tendo la kisheria linalomfunga kufanya kazi yeye mwenyewe. Sharti hilo liliondolewa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Kwa karibu miaka 30, basi, dola lilisema kukubali kwa mke hakutoshi hata kwa mkataba wa kushona nguo za watu. Ila kukubali kwake kuyatoa maisha yake yote nyuma ya jina la mwingine, hapo kulitosha kabisa, hakuna aliyedai sahihi ya pili. Nani alipanga kwamba hiari ya mwanamke iwe dhaifu anapotaka kupata na imara anapotakiwa kupoteza? Mzee wetu hakunijibu nilipomuuliza hivyo. Alisema nimeleta siasa.

Nilikuwa na hasira hiyo tayari, nimetoka nayo Kabambare. Alifariki huko mtengeneza ngoma, na kwenye matanga wasemaji walihesabu ngoma zake, moja iko parokia fulani, nyingine kwa chifu fulani. Mjane alikaa kwenye mkeka, hakutajwa. Mimi nimewahi kukaa uani kwao nikamtazama mama yule akifanya kazi. Analowesha ngozi ya mbuzi, anaikwangua manyoya kwa kipande cha chupa, anaivuta, anaianika. Kisha anagonga kwa kiganja gogo lililochimbwa, ametega sikio, anamwambia mumewe: "Bado, punguza hapa." Mume anapunguza, anangoja. Anagonga tena. Mume hakuacha kuchonga mpaka mama aseme basi. Mikono ilikuwa ya baba. Sauti ya ngoma ilitoka katika sikio la mama. Sasa shemeji zake wamechukua zana kuwa ni za marehemu, na hakuna aliyewaza kwamba chombo kimoja cha kazi ile bado kinakaa uani pale, kinapumua.

Nikilifikiria hili huwa narudi kwa majirani zetu Walega wa Pangi na wa ng'ambo ya Shabunda, na chama chao cha Bwami. Watu wa makumbusho wanakijua kwa vinyago vyake vidogo vya pembe za ndovu. Mimi kinachonivuta ni ngazi zake. Daraja la juu kabisa la wanaume ni kindi, na mke anayepanda pamoja na kindi huitwa kanyamwa. Mwanamume hapandi hadi huko peke yake. Lazima awepo mke aliyeingizwa naye, na wote wawili hufundishwa kwa methali, nyimbo na vitu vinavyoshikwa mkononi. Daniel Biebuyck, aliyeishi kwao na kuandika kitabu kikubwa juu yao mwaka 1973, alieleza hayo kwa kirefu. Serikali ya kikoloni ilikipiga chama marufuku mwaka 1948, vinyago vikazidi kusafiri, na leo vimelala kwenye makabati ya makumbusho ya Tervuren na kwingineko. Ningependa sana kusema wazee hao walikwisha kulitatua swali langu. Lakini daraja la mke lilifuata la mume, mume ndiye aliyepanda na mke akapandishwa, kwa hiyo siwezi kulisema hilo kwa moyo mweupe. Walijua tu kwamba ukuu wa mtu mmoja ni jambo lisilowezekana, na hilo pekee wengi ukumbini hawakulijua.

Tuna mfano wetu pia, Wakongo wawili waliooana. Mwaka 1926, huko Bukama, kwenye Lualaba huohuo unaoteremka hadi kwetu, ofisa Mbelgiji Georges Thiry aliona nyumba zilizochorwa kuta, akawapa wachoraji karatasi na rangi za maji. Walikuwamo Albert Lubaki, aliyekuwa mchonga pembe, na mkewe Antoinette. Picha zikaonyeshwa Brussels mwaka 1929. Katikati ya miaka ya 1930 wakubwa wa Ulaya wakaacha kuwashughulikia, na kwenye katalogi mahali pa mwaka wa kifo chao pana alama ya kuuliza. Antoinette alikuja kutajwa kwa jina lake Paris mwaka 2015, katika maonyesho ya Beauté Congo, kisha Venice mwaka 2022. Wao hawakupata mtu wa kukaa nao uzeeni na kamera akawauliza nani alichanganya rangi.

Lakini kuna jambo linanisumbua katika hoja yangu mwenyewe. Nikisema kila mkono uliohusika uhesabiwe, basi Ushio naye ana sehemu katika Cutie. Bila ulevi wake, ubinafsi wake na kelele zake, Noriko angechora kingine. Kwa kanuni hiyohiyo ninayomdai bwana, mama naye angedaiwa amtaje aliyemuumiza kuwa mshiriki wa kazi. Hilo nalikataa. Aliyetoa jasho na aliyetoa jeraha hawawezi kuandikwa mstari mmoja. Nikiulizwa tofauti iko wapi, nasema jasho lilitolewa kwa ajili ya kazi na jeraha halikutolewa kwa ajili ya chochote. Ndipo nakumbuka kwamba Noriko pia alipokuwa akipika hakupika kwa ajili ya picha za ndondi. Alipika kwa sababu watu walikuwa na njaa. Basi nia haitenganishi, na bado sijapata kinachotenganisha.