Ritani Yako Ijaze Kwenye Kompyuta Yako

Wanangu, ritani ya kodi si kazi ya kumalizia ndani ya matatu. Kila Juni ikielekea ukingoni nawaona vijana wenye ajira nzuri na elimu nzuri wakitoa simu, wakibonyeza mara tatu nne, kisha wakishusha pumzi. Ukiwauliza wametuma nini, hawajui.

Mimi nimekula mkate wa uhasibu hadi nikastaafu, na ombi langu kwenu ni moja. Ritani iandaeni kwenye kompyuta zenu wenyewe, kwa lile jedwali la Excel ambalo KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, huliweka kwenye iTax, tovuti yake ya ritani, mkiwa mmetulia nyumbani, na faili ibaki mikononi mwenu.

Ninazo sababu. iTax ina njia fupi kwa mtu ambaye pato lake ni mshahara tu. Ukiingia unakuta tarakimu alizowasilisha mwajiri zimekwisha jazwa; wewe unathibitisha na kutuma. Kwa mwenye mshahara mmoja asiye na shilingi nyingine, njia hiyo yatosha, mradi azilinganishe tarakimu hizo na P9 yake, ile fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi ya mwaka. Lakini ni wangapi kati yenu wanaoishi hivyo siku hizi? Huyu anapiga picha za harusi wikendi, yule anauza mitumba mtandaoni, mwingine anaandika programu za kampuni ya ng'ambo na kulipwa kwa dola. Njia fupi haina mahali pa kuyaandika hayo. Kidole kikishazoea kubonyeza, mtu hutuma mshahara peke yake, na hayo mengine yakabaki nje. Wapo hata wanaotuma ritani ya sufuri ilhali wamekatwa PAYE, kodi ya mshahara, mwaka mzima. Wao wameiambia KRA kwamba hawakupata kitu, na mwajiri ameiambia kinyume chake, yote chini ya PIN ileile ya mlipakodi.

Jedwali halikuachi upite hivyo. Kurasa zake zimepangwa kwa herufi. Ukurasa wa F ni wa mapato ya ajira; aliyehama kazi katikati ya mwaka ataandika waajiri wote wawili, kila mmoja na PIN yake. Ukurasa wa T ndio unaokusanya kila kitu, na hapo unaiona kodi yako ikizaliwa: jumla ya mapato, makato, nafuu ya kila mtu ya shilingi 28,800 kwa mwaka, kodi uliyokwisha katwa, na kinachobaki. Kijana akiusoma ukurasa huo kwa makini mara moja tu, hataogopa tena barua ya KRA.

Tena kuna haki zenu zinazopotea kwa haraka. Chukua mtu anayelipia bima ya maisha shilingi 3,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni 36,000, na sheria inampa nafuu ya asilimia 15, yaani shilingi 5,400 zinazotoka kwenye kodi yenyewe. Kikomo cha nafuu hiyo ni 60,000 kwa mwaka. Ikiwa mwajiri hakuwahi kupewa cheti cha bima, nafuu hiyo haimo kwenye P9, na anayethibitisha tu alichokikuta kimejazwa ataikosa bila kujua kwamba ilikuwa yake. Hili huniuma, kwa kuwa ni pesa za karo.

Msijaribu kulifungua jedwali hilo kwenye simu, wala kwenye Google Sheets. Linaendeshwa na makro, na huko makro hizo hazifanyi kazi. Kitufe cha kuhakiki utakibonyeza hadi uchoke. Kwenye kompyuta kitakuonyesha kosa liko wapi, urekebishe, na yote yakiwa sawa kitakutengenezea faili ya zip ya kupandisha iTax. Hadi hapo hukuhitaji intaneti, ila siku ya kulipakua jedwali. Unaweza kujaza leo nusu, ukalala, ukamalizia kesho baada ya kuitafuta stakabadhi. Na pakueni jedwali jipya kila mwaka, moja kwa moja kutoka iTax. Lile mlilotumiwa na rafiki kwa WhatsApp liacheni.

Mwisho wa kuwasilisha ni tarehe 30 Juni, na siku hizo za mwisho iTax husongwa na watu hadi ikakwama. Faini ya kuchelewa kwa mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi inayodaiwa, kutegemea kilicho kikubwa zaidi. Mwenye zip yake tayari tangu Machi, akaipandisha mapema, hana la kuhofia.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria inataka utunze kumbukumbu za kodi kwa miaka mitano, na katika muda huo simu huibwa stejini, apu hubadilishwa, neno la siri la akaunti husahaulika. Fungua folda moja kwa kila mwaka. Weka humo jedwali, zip, P9, cheti cha bima, taarifa za M-Pesa na benki, pamoja na risiti ya KRA inayothibitisha kwamba ritani imepokewa. Kompyuta nayo huharibika, kwa hiyo nakala ya pili iwe kwenye flashi, kabatini.

Simu ina kazi yake: kodi ikibaki, pata namba ya malipo, ulipe kwa M-Pesa.

Asiye na kompyuta aazime ya ndugu kwa jioni moja. Ikibidi kwenda saiba, keti kwenye kiti wewe mwenyewe, usimpe mhudumu neno lako la siri. Ukimaliza, nakili faili zako kwenye flashi, zifute kwenye mashine ile pamoja na kwenye pipa la taka, toka kwenye iTax, na ubadilishe neno la siri usiku huohuo.