"Inasemekana": Itibari na Dhima ya Msambazaji wa Ujumbe wa Kisiasa

Makala haya yanashughulikia swali moja la kimaadili: je, mtu anayesambaza ujumbe wa kisiasa ambao hakuutunga, akautanguliza kwa maneno "nimeutuma kama nilivyoupokea", huwa ameepukana na dhima ya yaliyomo? Kauli hiyo imezagaa katika vikundi vya WhatsApp nchini Kenya, hasa majira ya uchaguzi, nayo huchukuliwa kuwa kinga. Tunadai kwamba si kinga, bali ni mbinu ya balagha.

Katika kitabu cha kwanza cha Balagha, Aristotle anabainisha njia tatu za ushawishi: tabia ya msemaji, hisia za hadhira na hoja yenyewe. Anashikilia kwamba itibari ya msemaji sharti ijengwe na usemi wake, wala si na sifa aliyokuwa nayo kabla ya kunena. Ujumbe unaosambazwa huivuruga nadharia hii. Mtunzi hajulikani, kwa hivyo hana tabia ya kupimwa; hoja nayo aghalabu ni sentensi mbili tatu zisizo na ithibati. Hata hivyo twaamini. Twaamini kwa kuwa aliyetuletea ni ami yetu, mwalimu wetu wa zamani, au mweka hazina wa chama chetu cha maziko. Itibari yote imetoka kwa yule yule anayedai kwamba hahusiki.

Kiswahili kina sarufi inayolingana na ujanja huu. "Ilisemwa" huacha nafasi ambamo "na fulani" huweza kuongezwa, na msikilizaji ana haki ya kuidai nyongeza hiyo. "Inasemekana" huufunga mlango: kauli ya kutendeka haimpi mtenda makao. Maneno hubaki yakielea kana kwamba yalijisema.

Wanazuoni wa pwani waliorithi elimu ya Hadithi wana kipimo kilicho kinyume cha hayo. Katika isnadi, matini huandamana na msururu wa majina, na kila msimulizi huchunguzwa uadilifu wake na uwezo wake wa kuhifadhi. Pete moja ikikatika, riwaya hudhoofika. Mnyororo wa simu hutuonyesha pete ya mwisho tu. Mwaka 2018 WhatsApp ilianza kuutia alama ujumbe uliosambazwa, lakini alama hiyo husema kwamba ujumbe umesafiri. Haisemi ulitoka kwa nani.

Tutapingwa kwamba wengi husambaza kwa hofu, wakiwaonya wawapendao, na kwamba mama aliyesikia ya hatari hana wasaa wa kufanya uhakiki wa matini. Pingamizi hili ni zito. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, arafa za chuki zilienea pamoja na fununu za kila namna, na Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 katika ghasia zilizofuata. Hatudai kwamba arafa ndizo zilizoua. Tunalotaka kuonyesha ni tabia ya onyo lenyewe. Aambiwaye kwamba jirani anajiandaa kumshambulia hujihami; jirani akimwona anajihami, naye huamini onyo alilotumiwa na wa kwao. Uongo huo hujizalia ushahidi. Hapo hofu ya msambazaji, hata ikiwa ya kweli, haimwondoi katika msururu, kwa kuwa bila jina lake onyo lisingeaminiwa.

Kuna msambazaji mmoja tunayemtenga: yule anayetuma na kuuliza, "Nani ana habari za hakika kuhusu jambo hili?" Huyo ameipeleka shaka yake pamoja na ujumbe, na amewapa wapokeaji kazi ya kupima badala ya kuwaazima jina lake. Wapo, bila shaka, wanaouliza kwa hila, wakijua kwamba swali litasahauliwa na picha itabaki. Hao hatuwezi kuwatambua kwa sarufi.