Ua la porini: kulionyesha ao kulificha?

Mtu wa kwetu akipanda Masisi anaangalia kwanza ng'ombe, halafu majani ya ng'ombe. Maua hakuna anayeyahesabu. Lakini mvua ikisha kunyesha vizuri, kwenye malisho yenye maji maji unaweza kukuta okidi ya udongo imesimama katikati ya majani, rangi yake kama waridi. Siku moja niliwapeleka wanafunzi kuiangalia. Nikainama, nikapiga picha na telefone. Kijana mmoja akauliza: «Mwalimu, hii iko na bei gani?» Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana kwetu swali hilo limekwisha kubomoa kilima.

Nasema Bisie, katika pori la Walikale. Karibu na mwaka 2002 habari ya kasiteriti ilitoka kinywa hata kinywa, na watu maelfu wakafika. Mizigo ilibebwa mgongoni, siku mbili kwa miguu, mpaka Njingala. Miti ikageuka vibanda na mashimo, na wenye silaha wakaja kukata kodi. Aliyesema wa kwanza «pale kuna jiwe zito» hakuiba kitu. Alisema tu. Basi, kusema mahali kitu kilipo ni jambo jepesi?

Tuangalie okidi yenyewe. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, haina akiba ya chakula. Inangojea kuvu ya udongoni iilishe. Miaka inapita kabla haijachanua. Chini yake kuna viazi viwili, kimoja cha mwaka huu, kingine cha mwaka ujao. Ukivichimba umechukua na ua la kesho. Kusini mwa Tanzania watu wanavichimba kweli. Vinauzwa Zambia, vinatwangwa na kupikwa pamoja na karanga, chakula kinaitwa chikanda. Siwatukani. Mama anayetafuta minervali ya mtoto hawezi kuilipa kwa uzuri wa maua.

Hapo nilitaka kusema: tunyamaze, tufiche. Lakini uwanda wa Kitulo, hukohuko Tanzania, unanipinga. Wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Wangeunyamazia, ungekwisha kimya kimya, kwani mchimbaji hahitaji picha, yeye anajua tayari. Watu waliandika, walionyesha, na mwaka 2005 ukawa hifadhi ya taifa iliyowekwa hasa kwa ajili ya maua, kilomita za mraba 413 hivi, na aina 45 za okidi.

Ila Kitulo iko na walinzi. Malisho yetu yako na nani? Wenye ng'ombe, wachungaji, na vita inayowahamisha wote. Kwa hiyo naona swali si kuonyesha ao kuficha. Ni kumwonyesha nani kwanza. Mgeni akijua kabla ya jirani, jirani atalisikia ua lake siku ile tu limekwisha kupata bei.

Tulimwita mtoto aliyekuwa anachunga karibu. Akaangalia picha, akaangalia ua, akasema: «Ng'ombe hazikulaka hii.» Kumbe alikuwa analijua kutuliko! Alitupeleka kwa mengine matatu, nyuma ya mfereji. Jioni wanafunzi wakabandika picha ukutani mwa darasa. Chini yake waliandika «Masisi», wakataka kuongeza na jina la kilima. Tulibishana sana. Mwishowe pale tuliacha wazi.