Moto wa Rangi na Dhamiri

Jumamosi moja, nilipokwisha kuwafundisha wakatekumeni, mama mmoja wa jumuiya yetu alinijia akimkokota mwanawe kwa mkono, kama mtu anayempeleka mwizi kwa chifu. Mtoto ana miaka 14. "Mwalimu," akasema, "mtoto huyu ameingiwa na kitu. Kila siku yuko nyuma ya jiko na moto. Anachoma nyaya za umeme, anachanganya unga wa namna namna, anafurahi peke yake kama mlevi. Juzi ameunguza shati la shule. Umwambie kwamba ni dhambi. Mimi hanisikii, wewe atakusikia."

Ndugu wasomaji, neno lile sikuweza kulitoa upesi. Dhambi ni neno kubwa. Si fimbo ya kuchungia mbuzi, tuishike kila mara mtoto anapotusumbua. Tena nilikuwa na sababu nyingine ya kunyamaza, nayo nitaisema mbele kidogo, ingawa kuiandika kunanitia haya. Nilimwomba mama aniachie siku chache nifikiri. Hakupendezwa.

Basi, kwanza tuulize: ni kitu gani kinachomvuta mtu kwenye moto, na baruti, na elimu ile ya kemia ambayo wanafunzi wetu wanaiita shimi? Sisemi juu ya mtu anayelipwa mshahara kwa kazi hiyo. Nasema juu ya yule anayeifanya kwa kupenda tu, jioni, baada ya kazi yake, kwa fedha yake mwenyewe. Wengi watajibu: ni kelele, ni tamaa ya kuharibu. Nadhani wanakosea, au wanasema nusu tu. Mtu apendaye kelele na apige ngoma. Ni rahisi zaidi, wala haiunguzi shati.

Mimi nasema kwamba kinachomvuta ni jibu. Hapa kwetu Likasi, mji wa migodi, sisi watoto tuliijua karbidi, mawe yale ya kijivu ambayo watu wa karakana huyatumia kuunga vyuma, na ambayo zamani wachimbaji waliyatia katika taa zao. Ukilishika jiwe lile, ni jiwe tu, limenyamaza. Ukilipa maji, linachemka, linatoa hewa yenye harufu mbaya, na hewa ile ikikutana na moto inalia kama mzinga. Lilimjibu mtoto wa injinia na mtoto wa mwuza makaa sawasawa. Halikuuliza baba yako ni nani. Mtoto ambaye watu wazima hawamjibu, ama wanamjibu leo hivi na kesho vile, anapoona kitu kinachosema neno moja daima, moyo wake unakaa hapo.

Siyo mawazo yangu peke yangu. Oliver Sacks, mganga mashuhuri aliyezaliwa London mwaka 1933, alitoa mwaka 2001 kitabu juu ya utoto wake. Vita ilipoanza mwaka 1939 alipelekwa mbali na wazazi wake kwa sababu ya mabomu, akakaa katika shule ambamo watoto walipigwa bila huruma. Aliporudi nyumbani mwaka 1943, mjomba wake, aliyekuwa na kiwanda cha taa za umeme, akamfungulia mlango wa kemia. Watu walikuwa wamemdanganya na kumwumiza. Metali na chumvi hazikumdanganya. Akajitengenezea chumba chake cha majaribio, na humo roho yake ikatulia.

Mwingine ni William Perkin, kijana wa miaka 18. Wakati wa Pasaka mwaka 1856 alikuwa katika chumba kidogo nyumbani kwao London, akijaribu kutengeneza kinini, dawa ile ya malaria tunayoijua sote kwa uchungu wake. Kinini hakukipata. Alipata matope meusi. Angalikuwa mtu wa kutazama faida tu, angaliyamwaga. Lakini aliyaosha, akaona rangi nzuri ya zambarau, na kutoka rangi ile kazi kubwa ya rangi za viwanda ilianza duniani. Na baruti yenyewe? Wachina, zaidi ya miaka 1000 iliyopita, walikuwa wakitafuta dawa ya kuishi milele. Wakachanganya shura na kiberiti na vitu vingine. Kitabu chao kimoja cha kale kinaonya kwamba wengine waliungua mikono na uso, hata nyumba yao ikateketea. Mpaka leo jina la baruti kwa Kichina maana yake ni "dawa ya moto". Walitafuta uzima, wakapata kitu tunachokijua.

Sasa twende mpaka Malta, maana huko ndiko swali letu linakuwa swali la wakristu.

Mnakikumbuka kisiwa hicho. Ndicho ambapo Mtume Paulo alitupwa na bahari, kama tunavyosoma katika Matendo ya Mitume. Wenyeji waliwasha moto kwa ajili ya watu waliolowa mvua, na nyoka akatoka katika kuni akamshika Paulo mkono, naye akamkung'utia motoni. Nchi yenyewe ni ndogo, visiwa vyake vyote pamoja ni kilometa 316 za mraba, na watu wake ni zaidi ya 500,000, wengi wao Wakatoliki. Kila parokia ina sikukuu ya mtakatifu wake, na karibu kila sikukuu ina fataki, yaani ile mioto ya rangi inayopasuka angani. Ajabu ni hii: fataki hizo kwa sehemu kubwa hazinunuliwi ng'ambo. Zinatengenezwa na watu wa parokia wenyewe: seremala, karani, mwalimu, fundi wa umeme, wasiolipwa kitu. Jioni na siku za mapumziko wanakwenda katika nyumba za kazi zilizojengwa mashambani, mbali na watu, nao wana ruhusa ya serikali. Mwaka mzima wanajaza, wanafunga, wanakausha, na kazi ya miezi mingi inakwisha kwa muda ambao wewe unasali Salamu Maria moja.

Na ushindani! Katika kijiji cha Mqabba kuna vyama viwili, kimoja cha Bikira Maria Mpalizwa, kingine cha Bikira Maria wa Lili. Mama ni mmoja, lakini wanawe wanashindana kama timu mbili za mpira. Mwezi wa sita 2011, wale wa Lili walizungusha gurudumu la moto lenye upana wa zaidi ya mita 32, kubwa kuliko yote yaliyokuwa yamepata kupimwa. Kwa Kiingereza gurudumu la namna hiyo linaitwa kwa jina la Mtakatifu Katarina, kwa sababu ya gurudumu la mateso yake.

Rangi zinatoka wapi? Zinatoka katika madini. Kabla ya miaka ya 1830 hivi, fataki hazikuwa na rangi ila ya dhahabu na nyeupe. Kisha mafundi wakajifunza kutia chumvi za metali: strontiamu inatoa nyekundu, bariamu inatoa kijani, sodiamu inatoa njano. Na buluu? Buluu inatoka katika shaba. Ndiyo, shaba, metali ile ambayo babu zetu waliiyeyusha katika nchi hii ya Katanga kabla mzungu yeyote hajafika. Mafundi wote wa fataki wanasema buluu ni rangi ngumu kuliko zote. Moto ukipungua, haing'ai. Moto ukizidi, rangi inavunjika na kupotea. Mtu anaweza kutafuta buluu nzuri miaka mingi. Nilipolisoma jambo hilo nilifurahi kama mtoto, nisifiche.

Lakini tarehe 5 mwezi wa tisa 2010, katika kijiji cha Għarb, kwenye kisiwa cha Gozo, nyumba moja ya kutengeneza fataki ilipasuka. Watu 6 walikufa, na wengine wao walikuwa wa jamaa moja. Haikuwa mara ya kwanza huko Malta, wala mara ya mwisho. Unga ule hauhitaji kiberiti. Msuguano mdogo, cheche isiyoonekana inayotoka katika nguo, unyevu mahali usipotakiwa, yatosha.

Hapo ndipo ninapomrudia yule mama na neno lake. Je, ni dhambi?

Mtakatifu Agustino aliogopa tamaa ya macho, ile inayomfanya mtu apende kuona kitu kwa sababu tu ya kuona, hata maiti iliyoraruka. Katika seminari tulimsoma kwa kutetemeka. Mtakatifu Toma wa Akwino ni mpole zaidi. Anasema kwamba kujua ukweli kwenyewe ni kwema. Kuna fadhila ya bidii ya kujifunza, na kuna kilema chake, udadisi mbaya, unaoingia mtu anapojivunia elimu yake au anapotaka kuitumia kwa kutenda uovu. Basi mtoto anayechoma waya aone rangi, kwa neno la Toma, hajakosa. Anamwuliza Muumba swali kwa mikono, kwa kuwa hajui bado kuliuliza kwa maneno.

Wengine watasema: lakini ni kupoteza mali! Fedha ya moshi ingalilisha maskini. Taratibu, ndugu. Tunajua ni nani aliyesema neno la namna hiyo kule Betania, Maria alipomimina manukato ya bei kubwa juu ya miguu ya Yezu. Kitu kizuri kinachotolewa chote, kisirudi tena, chaweza kuwa sadaka ya kweli. Kwa upande huo siwahukumu wakristu wa Malta. Nikiwa huko, ningesimama barabarani usiku kucha.

Ila tofauti ni moja, nayo imenishika siku nyingi. Manukato ya Betania hayakumwumiza mtu. Fundi wa fataki anaweza kusema: uhai ni wangu, najua hatari, nimekubali. Hata hapo uhai si mali yake kabisa, ni amana. Lakini tuseme amekubali. Je, mkewe amekubali? Na kijana wa miaka 16 anayemletea kamba? Na mwenye nyumba ya jirani? Na akijibu kwamba mtakatifu wetu atatulinda, kwa sababu kazi hii ni yake, hapo nasema wazi: huko ni kumjaribu Mungu. Mtakatifu Barbara anaombwa na wachimba migodi na watu wote wa baruti, vema. Lakini hakuahidi kushika cheche mkononi mwa mtu aliyedharau kanuni. Katika mambo haya nadhani uzito wa dhambi, ikiwapo, haumo katika baruti wala katika furaha. Umo katika hesabu ambayo mtu anakataa kuifanya: ni nani amesimama karibu nami, naye anajua nini?

Hesabu hiyo mimi sikuifanya. Nilikuwa na miaka 13. Kopo letu la karbidi lilikataa kulia, mwenzangu akainama kutazama, nami nilikuwa nimeshika kiberiti. Nilitaka sana kusikia. Sikumwambia, "Toka." Kopo likalia. Jicho lake la kushoto halikuona tena tangu siku ile. Wazazi wetu walipouliza, nilisema kopo lilijilia lenyewe, na yeye hakusema kitu. Kwa padri niliungama zamani, nikaondolewa dhambi. Lakini kwake yeye sikusema kamwe, na tunasalimiana kila Dominika mlangoni pa kanisa.

Jumamosi iliyofuata nilimwita yule mtoto pamoja na mama yake, tukaenda wote watatu kwa mwenzangu. Siku hizi anatengeneza redio na simu chini ya mwembe. Nilimweleza habari ya mtoto. Kisha mbele yao nikamwambia ni nani aliyewasha siku ile. Kinywa changu kilikauka.

"Nilijua, Mwalimu," akasema. "Niliuona mkono wako."

Akaendelea kukaza msumari mdogo. Mama akatazama chini. Halafu mwenzangu akaniuliza kama nakumbuka sauti ile ilivyokuwa kubwa, kwamba hata mbwa wa misioni walibweka. Nikasema nakumbuka. Akamgeukia mtoto: "Na wewe, mwanangu, unga huo umeutoa wapi?" Mtoto akaanza kutaja kimoja kimoja, na kila kitu asichokijua jina mwenzangu akasema, "Hicho acha, mpaka mwalimu wako wa shimi akupe jina lake na akuonyeshe yeye mwenyewe." Vilibaki vichache sana. Uso wa mtoto ukaanguka.

"Waya wa shaba unao?"

Alikuwa nao mfukoni. Mke wa mwenzangu akaleta mbabula yenye makaa mekundu. Mwenzangu akatupanga sisi sote nyuma, akahesabu hatua, akamwuliza mama kama anataka kukaa au kwenda, na mama akasema anakaa. Mtoto akautia waya kwa koleo. Tukangoja. Mwenzangu akageuza kichwa upande, kama afanyavyo siku zote, ili jicho lake la kulia lielekee moto, na ukingoni mwa makaa ukatoka ulimi mdogo wa kijani.

"Eeh," mama akasema, "kumbe ndicho hiki."