Ramadhani, Siku ya 17: Vipimo vya Daktari



Sura ya Al-Mutaffifin inawaonya wenye kupunja vipimo. Sisi humfikiria muuza mchele tu. Lakini hospitalini nako kuna vipimo.

Hapa Tanzania, sheria ya 1977 ilizuia watu binafsi kuendesha hospitali za biashara. Mwaka 1991 wakaruhusiwa tena. Kheri imepatikana: usiku wa manane mgonjwa ana pa kukimbilia. Mtihani ni huu: daktari akiwa ndiye mwenye hospitali, anayeandika kipimo ndiye anayekula faida yake. Mgonjwa hajui, analipa tu. Mpunjaji wa sokoni hupunguza, huyu huzidisha. Dhulma ni ile ile.

Ndugu yangu mwenye zahanati, futari yako tunaila hapa msikitini, Allah akulipe. Lakini kabla hujaandika, jiulize: angekuwa mama yangu, na pesa zatoka mfukoni mwangu, ningeandika kipimo hiki? Kama hapana, weka kalamu chini. Tumbo limefunga, kalamu nayo ifunge.

Nawe mgonjwa, uliza: "Daktari, hiki ni cha nini?" Kuuliza si utovu wa adabu.

Allah atujaalie riziki ya halali. Amin.