Uchafu wa Hela ya Bibi

Neno "hela" tunalitamka kila siku, dukani na kwenye daladala, tukikopa na tukidaiwa, bila kukumbuka kwamba lilitoka kwenye sarafu. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ya Wajerumani ilianza kupiga sarafu ndogo ya shaba iitwayo Heller, mia moja kwa rupia moja. Mjerumani akaondoka, sarafu ikafutwa, neno likabaki. Kwetu Karatu kilibaki na kingine: hela tano ambazo bibi alizirithi kwa mama yake, ndani ya kopo la majani ya chai.

Bibi alipofariki, kopo likaja kwangu. Nikasikia kuna mzee Arusha anakusanya sarafu za zamani. Usiku wa kuamkia safari nikafanya kama mama alivyonifundisha: mgeni hapewi kitu kichafu. Nikakamua limau, nikachota majivu jikoni, nikasugua. Zikang'aa kama zimepigwa jana. Maji ya beseni yakawa mekundu, wekundu ule ule wa vumbi ambao mtu wa Karatu hufika nao mjini kwenye kola ya shati.

Mzee akazigeuza chini ya taa, akazirudisha mezani taratibu.

"Umeziosha, mwanangu."

Akanieleza bila ukali. Shaba ikikaa miaka mingi hujivika utando wa kahawia. Asidi ya limau huula utando huo pamoja na shaba kidogo ya chini yake. Majivu huacha mikwaruzo ambayo jicho halioni ila lenzi inaiona. Kuna herufi ndogo inayoonyesha sarafu ilipigwa wapi, A kwa Berlin, J kwa Hamburg. Kwenye moja yangu ilikuwa imechakaa, mimi nikaimalizia. Kama ilikuwa lazima, alisema, ningeziloweka kwenye maji safi tu, bila kusugua.

Tusidanganyane, sikupoteza utajiri. Hela zilipigwa kwa mamilioni, na zile hadithi za rupia ya Mjerumani inayonunuliwa kwa pesa za kujengea ghorofa zimewala watu wengi nauli. Mbona basi iliniuma?

Mwanzoni nilijitetea. Kwetu kuosha ni heshima. Mtoto akizaliwa anaoshwa, mtu akifa anaoshwa. Hawa wakusanyaji ni nani hata watuambie uchafu una thamani kuliko usafi? Kupenda vumbi la kale ni anasa ya mwenye maji bombani. Bado naona hoja hiyo ina ukweli wake.

Lakini kwenye basi la kurudi nilizitoa tena mfukoni. Taji la Kaiser liko palepale, limekaa vizuri kuliko jana. Mwaka 1898 Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba, na watu wakalazimika kuitafuta fedha hii, watake wasitake. Sarafu ilikuwa yao. Cha kwetu kilikuwa udongo ulioingia kwenye herufi, mafuta ya vidole, weusi wa kufungwa kwenye pindo la nguo. Kumbe nilipokuwa nasugua, nilimfuta bibi nikambakiza Kaiser.

Ukipita geti la Loduare, ukavuka nyanda za juu za Ngorongoro na kushuka upande wa pili, utafika Laetoli. Mwaka 1978 timu ya Mary Leakey iliona pale nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.6 iliyopita. Baada ya kuzichunguza walizifukia. Miaka ya 1990 zikafunuliwa, zikatibiwa, kisha zikafukiwa tena. Watalii wangelipa kuzitazama, lakini anayezijali anajua kinachozitunza ni udongo. Nyayo zile zilihifadhiwa na majivu ya volkano. Majivu ya jikoni kwangu yalifanya kinyume.

Kaka yangu ana dawa. "Zifukie kwenye migomba mwaka mmoja, zitachafuka, uwauzie watalii." Nakiri niliifikiria. Zingechafuka kweli, na udongo ungekuwa wa Karatu kweli. Lakini ungekuwa shahidi wa kufundishwa, anayesimulia asichokiona. Kosa la kwanza nililifanya kwa kutojua. Hili ningelifanya huku namtazama mnunuzi usoni. Siku nikiziuza, nitaanza kwa kusema: niliziosha. Bei itashuka, na ishuke.

Kwa sasa zimerudi kwenye kopo. Juzi nilizifungua, nikaona mng'aro umeanza kupungua na kahawia inarudi pembeni, polepole sana. Sijazigusa. Uchafu huo utakuwa wangu, si wa bibi.